Niliiambia Redio

Wajukuu zangu hapa Shanwe hunicheka kwa sababu namjibu mtu wa televisheni. Msomi anatoa mhadhara, leo siasa, kesho sayansi au vitabu, nami nikiona amekosea namwambia, "Hapo sivyo, baba." Wananiambia, "Bibi, hakusikii." Najua hanisikii. Mimi nilianza na redio.

Miaka ya sabini nilikuwa nimeolewa Kibaoni. Televisheni hatukuijua hata kwa jina. Mihadhara ilikuja kwa redio, alasiri, na kijiji kiligawanywa vikundi vya kusikiliza. Kikundi chetu kilikutana kwenye chumba cha mafundisho ya dini. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake chini kwenye mikeka. Katekista ndiye aliyekuwa kiongozi maana alijua kusoma. Mtaalamu wa redioni akimaliza, katekista anauliza maswali, watu wanajadili.

Redio yenyewe ilikuwa ya baba mkwe wangu. Aliibeba mwenyewe, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na betri alikuwa ameshazianika juani zipate nguvu.

Alikuwa mtu mkali. Mkamwana wake wa kwanza alirudishwa kwao kwa sababu alimjibu baba mkwe uso kwa uso. Kwetu hilo halifanywi. Baba mkwe humtazami, huli mbele yake, na ukiwa na la kumwambia unampitishia mtu mwingine.

Basi mihadhara ilipoanza kuhimiza vyoo, yeye alikuwa wa kwanza kuchimba. Shimo refu, kuta za udongo, paa la nyasi. Watu walikuja kulitazama. Lakini mkamwana ataingiaje anapoingia baba mkwe? Hata kulikaribia niliona aibu. Nikaendelea kwenda porini nyuma ya majaruba ya mpunga, mwanangu mgongoni. Mume wangu nilimwambia. Alisema, "Nitaanzia wapi kumwambia baba?" Mama mkwe aliona, akanyamaza.

Mtoto mmoja nilikuwa nimeshamzika, kwa kuhara. Na huyu wa pili alikuwa anahara. Macho yameingia ndani, hata kulia halii vizuri.

Siku hiyo mtaalamu alizungumzia inzi. Alisema inzi anayetua kwenye kinyesi porini ndiye anayekuja kutua kwenye uji wa mtoto. Alisema polepole, kama anaona sufuria yangu. Mwanangu alikuwa mapajani, wa moto.

Mhadhara ukaisha, ukaanza muziki. Katekista akauliza, "Mzee, kwako choo kipo, tunakijua. Je, wanakitumia wote?"

"Wote," baba mkwe akasema. "Kwangu hakuna anayekwenda porini."

Wanaume wakampigia makofi.

Nilimtazama mume wangu. Anachora sakafu kwa kidole cha mguu. Nikajua hasemi, leo wala kesho. Nikisema mimi, narudi kwetu, na mtoto wanabaki naye. Nikinyamaza, namzika.

Nikavuta kanga hadi usoni, nikawapa wanaume mgongo, nikageukia meza yenye redio.

"Wewe redio," nikasema.

Mwanamke wa jirani akanifinya. "We mama, una wazimu?"

"Wewe redio, umesema kweli juu ya inzi. Lakini hujatuambia, choo kikiwa cha baba mkwe, mkamwana aende wapi? Mimi nakwenda porini. Na huyu mtoto anakwisha."

Mzee mmoja akacheka. "Nyie, huyu anaongea na betri! Ni mkamwana wa nani?"

Wengine walijua. Katekista aliona mambo yameharibika, akanyoosha mkono kuizima redio.

"Iache," baba mkwe akasema. "Nami naongea nayo."

Nilisikia benchi likilia alipoinuka. Sikugeuka. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye nywele za mtoto.

"Wewe redio. Shimo lile nimelichimba mimi. Ni langu." Akakohoa, muziki unaendelea. "Mwambie aliyesema, kesho linachimbwa lingine, nyuma ya kihenge cha mpunga, mlango utazame upande wa pili. Atakayechimba ni mume wake, ambaye ana mdomo na hakuutumia. Mimi nitakaa nimwangalie."

Watu wakacheka, hata mama mkwe. Mimi sikuweza.

Kesho yake mume wangu alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Baba mkwe alikaa kwenye kigoda, na kila jembe likipumzika aliigeukia redio, "Mwambie bado ni fupi."

Mtoto hakupona mara moja. Nilichemsha maji, nilifunika uji, nilimpeleka zahanati, tukahangaika naye mpaka mpunga ukavunwa. Ndiye mama wa hawa wanaonicheka.

Na baba mkwe? Hatukuwahi kutazamana mpaka anakufa. Ila tangu siku ile, akiwa na neno na mimi, aliiweka redio kibarazani, nami ndani nikajua naitwa. Betri zikiisha, aliiweka hivyo hivyo.