Uji Wenye Mabonge

Fundi Spana hakuwa mtu wa kushangilia nusu kazi. Miaka yote aliyotengeneza magari, mwanafunzi wake akimwita kwa furaha aje kuona nati sugu iliyofunguka, yeye aliuliza tu, "Gari limewaka?" Halijawaka. "Basi nyamaza, endelea na kazi."

Mkewe alipopata kiharusi na kupoteza sauti, Fundi alimwendea Mungu kwa mtindo uleule. Kila asubuhi alipiga magoti kando ya kitanda na kutoa oda yake: mguu, mkono na ulimi, vyote kwa pamoja, vikiwa vizima. Mkono wa mkewe ulipoanza kushika kikombe, mchungaji alimwambia ashukuru. Fundi akamtazama kama anavyomtazama mteja anayetaka kuondoka na gari lisilo na breki.

"Nitashukuru akiongea," alisema.

Maana ulimi ndio uliomuuma zaidi. Mwanamke yule alikuwa na maneno! Zamani Fundi alijichimbia gereji hadi giza liingie ili ayakwepe, akisingizia injini za watu. Sasa nyumba ilikuwa kimya, na kimya kile kilimtesa kuliko kelele zote alizowahi kuzikimbia. Alimkumbuka mkewe huku amelala naye kitanda kimoja.

Ndipo alipojifunza kupika uji. Tuseme ukweli, alijifunza kuunguza sufuria. Tena hakujua kukadiria, na kila siku ulibaki wa kulisha kikosi, akaanza kumpelekea jirani, mwalimu mstaafu aliyevunjika nyonga na kuishi peke yake. Mwanzoni alikuwa anakwepa tu kuumwaga. Baadaye akawa anamfagilia, anamchotea maji, anamsogezea kitanda dirishani apate kuona watu.

Yule bibi mwalimu alishukuru kwa kila kitu, mpaka ikawa kero.

"Leo mabonge yamepungua, Fundi. Bwana asifiwe!"

"Mwalimu, unamsifu Mungu kwa ajili ya mabonge?"

"Sasa nisubiri nini, baba? Nikingoja hadi nicheze mpira, nitakufa sijasema asante."

Fundi alirudi nyumbani amekunja uso, lakini neno lilikuwa limeshamwingia. Akakaa kando ya mkewe, akamlisha. Baada ya vijiko kadhaa akaweka bakuli chini, akainamisha kichwa.

"Mungu, asante kwa mkono huu unaoshika kikombe," alisema, kwa aibu ya mtu aliyechelewa. "Na asante kwamba mabonge yamepungua."

"Uongo," alisema mkewe.

Fundi aliruka kwa furaha, akalipiga bakuli teke. Uji ule, pamoja na mabonge yake, ulifutwa kesho yake.

Jumapili watu walisimama kushukuru kwa nyumba mpya, kwa kazi, kwa watoto waliofaulu. Fundi naye akasimama kando ya mkewe, koti limembana.

"Ndugu zangu, mke wangu ameniita mwongo!"

Kanisa zima likaduwaa. Mchungaji akavaa miwani. Fundi akaeleza habari za uji, akalia mbele ya watu bila kujificha, akapangusa machozi, akarudia kueleza jinsi sufuria ilivyoungua, mpaka mkono ule wa kikombe ukamvuta koti.

"Kaa," alisema mkewe.

Fundi akakaa. Halafu akasimama tena, maana sasa alikuwa na ushuhuda wa pili.