Siku Mama Alipomjibu Kila Mtu Tofauti

Mama aliniamsha gizagiza akaniambia nivae gauni langu la kanisani, tunasafiri. Nilipomwuliza tunakwenda wapi, alisema nitapajua tukifika. Kikapuni alikuwa ameshatia blanketi mbili, viazi vya kuchemsha, kibuyu cha maji, na leso mpya ambayo sikuwahi kuiona. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Baba alikuwa amefariki, na kaka yangu aliondoka miaka miwili nyuma kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Nyumbani tulibaki wawili, mama na mimi.

Tulitoka Mwanda ukungu ukiwa bado mabondeni. Mama alitangulia, nami nikafuata na kikapu mgongoni, kamba ikinibana kipaji cha uso. Hatujaenda mbali tukakutana na jirani akiswaga mbuzi zake. Aliuliza safari ya wapi mapema hivyo, mama akamwambia anakwenda hospitali ya Voi, macho yanamsumbua. Niliamini. Nikaanza kumwonyesha kila jiwe na kila mzizi njiani, mpaka akaniambia nimwache, anaona vizuri.

Karibu na Wundanyi tulimkuta mwalimu wa kanisa. Huyo aliambiwa tunakwenda Bura kwenye msiba. Akavua kofia, akauliza aliyefariki ni nani, na mama akataja jina nisilolijua kabisa. Mwalimu akatuombea pale pale barabarani. Mama aliinamisha kichwa akaitikia amina. Mimi nilibaki macho wazi, nikijiuliza kama kuna maiti kweli au hakuna.

Tulipofika Wusi tulisimama kijitoni kujaza kibuyu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akifua alituuliza hayo hayo, na mama akasema ananipeleka kwa shangazi yangu Mwatate. Yule mwanamke alilitazama gauni langu, akatabasamu.

“Vumilia, mwanangu,” akaniambia. “Sote tulipita huko.”

Mwatate sikuwa na shangazi. Tukashuka mlima, jua likizidi kuwa kali, na kila nilipoifikiria ile leso mpya nilizidi kubaki nyuma. Nilikuwa napelekwa kuolewa. Niliwapitia kichwani wanaume wote wa huko chini niliowahi kusikia wakitajwa nyumbani, nikamkuta mmoja tu, mzee mwenye duka aliyefiwa na mke. Nilifikiria kukimbia, ila sikujua nikimbilie wapi. Isitoshe, viazi nilikuwa nimebeba mimi.

Mchana tulifika njia panda ya Mwatate. Mama alisimama, akatazama barabara ya kushoto, akatazama ya kulia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba na yeye alikuwa haijui njia.

“Wewe umesoma,” akasema. “Ya Taveta ni ipi?”

Nilikisoma kibao nikamwonyesha. Kisha nikatua kikapu chini.

“Mama, huyo mwanamume ni nani?”

“Mwanamume gani?”

“Unayenipeleka kwake.”

Aliketi kando ya barabara, miguu ameinyoosha kama mtoto. Hakuna mwanamume, alisema. Tunamtafuta kaka yako. Miezi minane hakuna barua, na mtu aliyetoka huko alisema hakumwona. Gauni ni ili makarani wa mashambani watusikilize. Leso ni ya yeyote atakayetulaza.

Nikamwuliza mbona hatukupanda gari moshi.

“Gari moshi halinisubiri nikiuliza watu,” akasema. “Na wa nyumbani nikiwaambia, nikirudi peke yangu nitawajibu nini?”

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nililia, na hata leo siwezi kusema kama nililia kwa kuwa siolewi, au kwa sababu ya kaka, au kwa kuwa hakuniambia.

Jioni hiyo tulianza na shamba la kwanza la mkonge. Karani alifungua daftari, akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Mke wa mlinzi ndiye aliyetukaribisha. Alipouliza tunakotoka na tunakokwenda, nilingoja kusikia uongo mwingine. Lakini mama alimweleza yule mwanamke asiyemjua kila kitu: barua, ndoto alizoota, jinsi alivyokuwa akila chakula kikakataa kushuka, mambo ambayo mimi niliyelala naye nyumba moja sikuyajua. Nilikaa pembeni nikimsikiliza kama vile ni mama wa mtu mwingine.

Kaka tulimpata siku ya tano, kwenye kambi ya vibarua upande wa Taveta. Alikuwa mzima, amenenepa. Alisema barua alituma, tena tatu, kwa mkono wa mwenzake. Mama hakumwuliza ni mwenzake yupi. Alimshika mikono akaigeuzageuza, akitazama makovu ya mkonge, kisha akaomba maji ya kunywa.