Mkono Umeanza Kwenda Mbele, au Bado?

Siku ya kwanza kazini, mkuu wa waamuzi alininyang'anya filimbi mdomoni. "Filimbi inakaa mkononi, monsieur! Huku kwetu ukipuliza, mpira umekufa, mchezo umesimama." Mimi nilikuwa nimechezesha mpira wa miguu Lubumbashi, filimbi kwenye meno, napuliza bila kuwaza. Sasa niko Brussels, miaka ile ya tisini, kwenye uwanja wa matope huko Uccle, na vijana wenye kofia ngumu wanagongana kama ng'ombe. Mpira wa Kimarekani! Nilitamani kukimbilia nyumbani kwangu, mtaa wa Saint-Josse.

Bon, ninyi vijana mnaojifunza uamuzi, sikilizeni kazi yenyewe. Mwamuzi husimama nyuma ya mrushaji, na haangalii mpira, anaangalia mkono. Mrushaji akigongwa mpira ukamponyoka, swali ni moja: mkono ulishaanza kwenda mbele? Kama ndiyo, hiyo ni pasi isiyokamilika. Ukigusa chini, mpira umekufa. Kama bado, hiyo ni fumble: mpira uko hai, anayeuokota akimbie nao. Na wewe unayaona yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho tu.

Nilipopewa nusu fainali, mkuu alinionya: "Ukiharibu leo, unarudi kushika mnyororo." Ni ule wa kupimia umbali pembeni mwa uwanja, kazi ya wanaoanza.

Sekunde za mwisho kabisa za mechi hiyo, mrushaji wa wenyeji, Didier, kijana wa Kivu, aliinua mkono akagongwa kwa nyuma. Mpira chini. Mgeni mmoja akauokota, akakimbia mpaka mwisho wa uwanja. Filimbi yangu ikabaki mkononi. Mkono ulikuwa bado nyuma. Au nilidhani tu? Nikainua mikono miwili: bao, wageni wameshinda.

Mama yangu, zile kelele! Didier akanijia mbio. "Papa, ilikuwa passe! Mukono yangu ilikuwa inaenda mbele!"

Mkuu akaniuliza, "Una hakika?"

Nikasema ndiyo.

Sikurudishwa kwenye mnyororo. Nilichezesha Antwerp, nikachezesha Liège, mpaka magoti yakagoma. Lakini ule mkono haukuniacha. Niliogopa kwamba nilimdhulumu mtoto wa watu.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, Didier alikuja, sasa baba wa watoto, kitambi mbele. Nikashindwa kuvumilia. "Mutoto yangu, sema kweli. Ile siku mukono ilikuwa wapi?"

Alicheka mpaka akashika kiti. "Ah, papa! Ilikuwa nyuma. Ata mimi nilijua. Alors, ile siku ulitaka ninyamaze tu, tupoteze mechi?"

Miaka yote hiyo! Nilitaka kumzaba kofi, lakini machozi yalishanitoka.