Duara Jeupe la Jicho

Maharusi wengi wa Butembo waliingia kwenye albamu za familia na sura walizotengenezewa na Jokébed. Kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi katika studio ya Gérard, karibu na soko. Gérard alipiga picha na kuzisafisha gizani. Jokébed aliketi dirishani na kibrashi chembamba, akiondoa chunusi, makovu na weusi chini ya macho. Tangu vita vianze, weusi huo ulimpa kazi nyingi, kwani watu walikuwa wakilala na viatu miguuni, tayari kukimbia.

Wenye miwani walikuwa na shida yao. Taa ya studio iliwaachia duara jeupe kuzunguka jicho, na Jokébed alilifunika kwa wino wa kijivu, tone baada ya tone, huku akiwaza mambo ya nyumbani.

Ndivyo alivyomfanyia ndege aliyepigwa picha na mwalimu Cyrille, Alhamisi moja ya mwaka 1999.

Cyrille alifundisha biolojia. Alikuwa mtu wa Kasaï. Serikali ilimtuma Butembo, kisha vita vikamfungia njia ya kurudi. Asubuhi sita alijificha kwenye mashamba ya maharage ya Musienene, shuka la kijani kichwani, mpaka akampata kwenye kamera ndege huyo mdogo mwimbaji. Jumamosi Sista Antoinette wa parokia angeibeba picha kwa eropleni hadi Nairobi, ambako kitabu cha ndege kilikuwa kikitayarishwa kwa ajili ya shule. Isipofika, ndege huyo hangekuwamo. Nayo ilikuwa imechapwa kwenye karatasi kubwa ya mwisho ya studio. Barabara ya Kasindi, iliyoleta karatasi, ilikuwa imefungwa tena.

Cyrille alipokuja kuichukua picha, aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Mama Jokébed, jicho yake uliifanya nini?”

“Niliisafisha, mwalimu. Taa ilimupiga mu lunettes.”

Gérard aliangua kicheko kusikia ndege amevaa miwani. “Ndege ya lunettes! Huyu alisomaka wapi?”

Cyrille hakucheka. “Mais mama, ile hapana taa. Ile duara anazaliwaka nayo. Bila ile, ni ndege ingine.”

Jokébed alipitisha kidole juu ya jicho. Wino ulikuwa umeshazama kwenye karatasi, maji yasingeutoa. Ilibaki njia moja, wembe: kukwangua wino taratibu mpaka weupe wa karatasi utokee. Akizidisha kidogo, karatasi ingetoboka.

“Wembe niko nayo,” alisema. “Lakini sijue nitaipitisha wapi. Ile ndege sijaionaka hata siku moja. Kesho unipeleke Musienene.”

“Musienene ya nini?” alisema Cyrille. “Mapera imeiva sasa. Banajaa mu mapera ya paroisse.”

Ijumaa asubuhi waliketi juu ya matofali nyuma ya kanisa. Ndege walifika kwa kundi, kijani na manjano, wakiitana kwa sauti nyembamba, wakapotea kwenye majani kabla Jokébed hajamtazama hata mmoja vizuri. Wakarudi. Mmoja alitua kwenye pera lililopasuka, hatua tatu tu kutoka alipokuwa, akaanza kula kichwa kikiwa upande. Jokébed alimtazama kama alivyozoea kutazama nyuso, akianzia machoni.

“Mwalimu, haifungike.”

“Nini?”

“Duara. Hapa mbele, karibu na mdomo, nyeusi inaikata.”

“Inafungika, mama. Mimi nilikaa naye siku sita.”

“Angalia basi.”

Cyrille aliangalia. Ndege akamaliza pera, akaruka. Mwalimu alivua kofia, akaivaa tena.

“Donc, siku sita nilikuwa naangalia nini?” aliuliza.

Saa nne Jokébed alivunja wembe mpya vipande viwili, akaiweka kona yake kwenye karatasi. Aligusa, akapumua, akagusa tena. Gérard alifunga mlango ili wateja wasiingie na upepo. Adhuhuri duara lilikuwa limerudi, jembamba, limeachwa wazi mbele.

Cyrille aliigeuza picha na kuandika nyuma, kwa penseli, mahali na mwezi.

“Andika pia kwamba duara niliifanya mimi na wembe,” alisema Jokébed.

“Mama, nani atasoma nyuma?”

“Mwenye kugeuza.”

Mwalimu akailamba ncha ya penseli, akaandika.