Shemeji Yangu, Sikio la Bembeani

Shemeji yangu hakuwa mlevi. Naanza na hilo kwa sababu neno mlevi ndilo nililolisikia mwezi uliopita, siku tuliyomzika, likisemwa nyuma ya kiti changu na watu waliokuja kupumzisha miguu. Walisema pombe ndiyo iliyomfukuzisha Bembeani, uwanja wetu wa bembea, na pombe ndiyo iliyomfanya apite barabarani akiyumba bila kuitikia salamu. Mwingine akasema hapana, si pombe, ni mke wa kaka yake. Huyo mke ni mimi. Wa tatu akatia chumvi yake: bembea ya farasi iliua mtoto na sisi tukalifunika jambo. Hakuna mtoto aliyekufa Bembeani. Hakuna hata aliyevunjika mkono, kwa miaka yote thelathini na minane. Nilifundisha katika shule ya msingi ng'ambo ya barabara, na nusu ya wasemaji hao ni mimi niliyewashika mkono wakaandika majina yao. Basi na mimi nitaandika.

Bembeani ilianzishwa na baba mkwe wangu, mchomeleaji wa vyuma. Kundi moja la maonyesho ya kusafiri lilisambaratika na kuitelekeza mitambo yake kwenye uwanja ulio nyuma ya kiwanda cha mbao, majani yakaota hadi kwenye viti. Mzee aliifanyia kazi miaka miwili, jioni baada ya kutoka karakana. Alipomaliza kulikuwa na farasi kumi na wawili wa mbao wa kuzunguka, viti vya minyororo vya kuruka, gari moshi dogo lililokizunguka kibanda cha tiketi, na gurudumu la viti vinane. Gurudumu lenyewe halikuwa kubwa. Ukifika juu uliona paa la shule na nguo za majirani zilizoanikwa, basi. Lakini watoto walishuka wakisema wameiona dunia.

Mzee aliweka sheria moja. Kila asubuhi, kabla ya geti kufunguliwa, kila mtambo uwashwe mtupu na usikilizwe. Alikuwa na bisibisi ndefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka juu ya chuma mahali beringi ilipo, mpini akaubana kwenye mfupa wa sikio, akafumba macho. Alijaribu kumfundisha mwanawe mkubwa, ambaye baadaye alikuwa mume wangu, naye akasema anasikia makelele tu. Mdogo, akiwa na miaka tisa, alishika bisibisi ile akasema, "Baba, humu ndani kuna mtu anasaga meno." Wakafungua, wakakuta gololi moja imepasuka. Tangu siku hiyo bisibisi ikawa yake, na watu wakamwita Sikio. Mkubwa akapewa geti, tiketi, barua za serikali na wazazi wenye malalamiko. Mzee alikuwa akisema mmoja ana mdomo na mwingine ana masikio, kwa hiyo kwa jumla amebahatika kupata mtoto mmoja kamili.

Nilipoolewa, mzee alikuwa ameshafariki na ndugu hao wawili waliendesha mambo kama alivyowaachia. Shemeji hakuoa. Alilala katika chumba kilicho nyuma ya banda la mitambo na kula kwetu. Kila mwaka mvua zilipoanza na wageni kupungua, aliwapaka farasi rangi upya, na macho yao aliyachora tofauti kila mmoja. Mwaka mmoja aliniita nikamtazame farasi wa sita. "Mwalimu, huyu nimemchora bila kukusudia," akasema, "lakini naona ni mkuu wako wa shule." Alikuwa ni yeye kabisa, hadi ule uvimbe chini ya macho. Kwa wiki nzima sikuweza kukaa kwenye kikao cha walimu bila kuuma midomo.

Niligundua tatizo lake mezani. Darasani nilikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele ambaye hakuwa akinitazama machoni, alinitazama mdomoni, na ilinichukua muhula mzima kuelewa kuwa hasikii. Macho yale yale nikayaona kwa shemeji. Alianza kucheka nusu dakika baada yetu. Ukimuuliza jambo akiwa ameinamia sahani, alikuomba umpitishie chumvi.

Bembeani haikufunguliwa siku za Jumatatu. Jumatatu moja nilivuka barabara wakati wa mapumziko nikamkuta ameinama kwenye jukwaa la farasi. Nilisimama nyuma yake nikaliachia fungu zima la funguo za darasa juu ya bati. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa. Yeye aliendelea kupaka grisi. Alipogeuka akaziona funguo chini na mimi nimesimama, alikaa ukingoni mwa jukwaa.

Nikamuuliza tangu lini, nikitamka polepole. Akasema tangu mvua za mwaka juzi, sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia, na wakati mwingine kichwa kinamzunguka hadi anashika ukuta. Hata mfupa haumpi tena kitu. Alikuwa akibadilisha beringi kwa kufuata kalenda na kwa kupapasa joto la chuma kwa kiganja.

"Kaka akijua atafunga siku hiyo hiyo, unamjua," akasema. "Na akifunga, mimi nitakuwa nani? Mtu wa kushikwa mkono avushwe barabara?"

Jibu sahihi lilikuwa kumwambia kwamba afadhali kufunga. Nililijua hata siku ile. Lakini niliwafikiria watoto, na papo hapo nililifikiria jina letu, jinsi mji ungesema kwamba familia ile iliwapandisha watoto wa watu kwenye mitambo iliyokaguliwa na kiziwi. Nikaona njia ya kuyaokoa yote mawili. Nikamwambia masikio ninayo mimi, na nitakuja kila asubuhi kabla ya kengele ya shule. Akaniapisha nisimwambie kaka yake. Nikaapa.

Basi kwa miaka miwili, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja asubuhi, nilikuwa ndani ya banda la mitambo nikiwa na bisibisi sikioni. Mume wangu nilimwambia nawahi kusahihisha madaftari. Shemeji aliwasha, mimi nikasikiliza, kisha nikamwandikia nyuma ya daftari kuukuu nilichosikia, kwa sababu majina ya kifundi sikuyajua. Niliandika: paka analamba maziwa. Hiyo ilikuwa nzuri. Niliandika: mchanga juu ya bati. Akafungua akasafisha. Niliandika: bibi kibogoyo anatafuna karanga. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi, akasema bibi huyo mpe mafuta, hahitaji daktari. Wiki ya tatu, kwenye gurudumu, niliandika kwamba mtu anabisha hodi lakini hataki afunguliwe. Hapo hakucheka. Alipofungua alikuta ufa kwenye kikombe cha chuma kinachoshika beringi, mwembamba kama unywele. Gurudumu lilisimama siku tisa, na mume wangu aliwaambia wageni kuwa mdogo wake ana sikio ambalo halijapata kutokea.

Banda hilo lilitazamana na dirisha la ghorofani la mwenye kiwanda cha mbao. Mke wake hakusema uongo wowote, hilo namkubalia. Alihesabu tu asubuhi ngapi mwalimu ameingia mle, na dakika ngapi amekaa, akamwachia kila msikilizaji ajazie mwenyewe. Maneno yalizunguka mtaani mpaka yakamfikia mume wangu akiwa kwenye kiti cha kinyozi, shingo imefungwa shuka, hawezi kuinuka.

Aliniuliza Jumapili baada ya chakula. Aliuliza kwa upole, naye hakuwa mtu mpole.

"Mwalimu, asubuhi unakwenda wapi?"

"Shule."

"Kabla ya shule. Unafanya nini na mdogo wangu mle bandani?"

Sentensi moja ilitosha. Ningesema ndugu yako hasikii, mimi ndiye ninayemsikilizia. Badala yake nilisimama nikakusanya sahani, nikamwambia, "Swali hilo mimi sitakujibu, na wewe usithubutu kuliuliza mara ya pili."

Hakuliuliza tena. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliheshimu kiapo. Si kweli. Kiapo kilikuwa kisingizio tu. Kilichonifunga mdomo ni hasira ya kushukiwa, mimi, katika nyumba yangu, kwa maneno ya kinyozi. Nilitaka kwanza aone aibu.

Kesho yake aliongea na mdogo wake uwanjani, mbele ya farasi. Nililijua hilo kutoka kwa mume wangu mwenyewe. Aliniambia kwamba alisema yote aliyokuwa nayo, na mdogo wake alimtazama tu, hakukana, hakujitetea, hakujibu neno. Ukimya ule mume wangu aliuchukua kuwa ni kukiri. Nilipotoka shule mchana, chumba cha nyuma kilikuwa kitupu, na bisibisi imewekwa juu ya jukwaa, imefutwa safi.

Hata siku ile ningeweza kusema. Nilisubiri aniombe radhi.

Mume wangu aliajiri fundi wa magari, mtu mwenye bidii, ambaye alicheka alipoonyeshwa bisibisi na kuuliza kama mtambo ukisikilizwa hujibu. Mwezi wa saba, beringi kuu ya bembea ya farasi ilikwama asubuhi moja mtambo ukiwa mtupu, mhimili ukajikunja, farasi wanne wakaanguka juu ya zege na kupasuka. Hiyo ndiyo ajali pekee tuliyowahi kupata, na waliokufa walikuwa wa mbao. Mume wangu alifunga geti kwa mkono wake. Gurudumu lilikatwa vipande. Farasi waliobaki walichukuliwa mmoja mmoja, na huyo anayesimama kwenye mlango wa ile saluni ya kona ni wa sita. Wamempaka rangi ya waridi, wakamfuta macho.

Miaka minane ilipita. Siku moja mume wangu alirudi kutoka mjini akakaa bila kuvua koti. Alikuwa amemwona mdogo wake kwa mbali nje ya duka la vipuri, mgongo wake ule ule, na ghafla akasahau kila kitu, akamwita.

"Nimemwita mara tatu, Mwalimu. Mara tatu, katikati ya watu. Hakugeuka."

Nilikuwa nimeshika bakuli. Kuisema ile sentensi wakati ule kungekuwa kukiri kwamba miaka minane niliitupa bure, yangu na yake na ya ndugu yake. Nilisema, "Labda hakusikia."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeumia. "Huyo? Huyo husikia sisimizi akipiga chafya."

Nikaliweka bakuli kabatini. Mume wangu alifariki miaka mitatu baadaye, na kwa muda wote huo hakulitaja tena jina la ndugu yake.

Shemeji alikuja kuzika. Watu walipoondoka alibaki sebuleni, nywele zote nyeupe, mkono mmoja ukishika ukuta. Akaniuliza, "Ulimwambia lini?"

Niliandika nyuma ya bahasha: kumwambia nini?

"Masikio. Siku ile uwanjani masharubu ya kaka yalimficha midomo, niliambulia neno moja tu, ondoka. Nikajua umemwambia. Sikukulaumu. Nilisema, basi, kaka hataki kiziwi."

Niliandika kwamba sikumwambia. Aliisoma karatasi, kisha akauliza kama ni hivyo kaka yake alimfukuzia nini. Ikabidi nimwandikie na hilo, mimi, kwa mkono wangu, siku ya kumzika mume wangu, jambo ambalo mji wote ulikuwa ukilijua isipokuwa yeye. Alisoma. Aliikunja bahasha mara nne.

"Angeandika swali hilo kwenye karatasi, mimi ningemjibu palepale," akasema. "Kiapo na masikio yote ningeyaacha. Huyo alikuwa kaka yangu."

Habari ya kuitwa mara tatu sikumwandikia. Hakuwahi kuijua.

Aliishi miaka sita zaidi, akitengeneza cherehani za watu kwa kupapasa, na Jumapili alikuja kukaa kwangu. Alipita barabarani akiyumba kwa sababu ya ugonjwa ule ule wa masikio, na hakuitikia salamu kwa sababu hakuzisikia. Nilijua mnamwita mlevi. Nilinyamaza, kwa kuwa kusema ni kiziwi kungeleta swali la tangu mwaka gani, na mwaka huo ungeligusa jina la mume wangu, kwamba aliwapandisha watoto kwenye mitambo iliyokaguliwa na kiziwi. Kwa hiyo nililinda jina la marehemu kwa kulitoa la aliye hai. Leo wote wawili ni marehemu, na ninayaandika majina yao yote mawili yakiwa safi: mmoja hakujua, mwingine hakulewa. Aliyejua na akanyamaza ni mimi.

Juzi mke wa mwenye kiwanda cha mbao alimtuma binti yake kuniuliza kama asubuhi zile zote, mbali na mitambo, hapakuwa na lolote moyoni mwangu au mwa shemeji. Nimeeleza kazi tuliyoifanya na makosa niliyoyatenda. Hilo lingine halimhusu yeye wala mtu mwingine yeyote, na sitalizungumza.