Sinema Iliyomhamisha Fundi Nasoro

Nakumbuka alasiri moja ya mvua, mwanangu, tumebanana kwenye ukumbi wa vidio pale mtaani kwetu Buyenzi, maji yakipiga bati kiasi kwamba sauti ya sinema haikusikika kabisa. Haikutusumbua. Sinema yenyewe ilikuwa ya Waingereza, na Kiingereza hakuna kati yetu aliyekijua. Pembeni ya televisheni alisimama mtafsiri, akipaaza sauti kuishinda mvua, akatueleza aliyoyaelewa na asiyoyaelewa. Wezi wa London akawapa majina ya mitaani kwetu. Mkubwa wao, mtu mnene mwenye koti refu, akamwita Patron Sabuni, kwa sababu kila aliyejaribu kumshika aliteleza.

Walikuwa wezi wajinga, wale. Waliibiana wao kwa wao, wakapoteza walichoiba, wakamwogopa bosi wao kuliko polisi. Miaka ile risasi zilikuwa ndiyo kwanza zinanyamaza mjini Bujumbura, nasi tulikuwa tumesahau kwamba mtu mwenye bunduki anaweza kuchekesha. Tulicheka mpaka tukashikana mabega na watu tusiowajua. Kaka yangu Swedi peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, macho hayapepesi, kama fundi anayesikiliza injini ya mwenzake.

"Mwaju," aliniambia njiani tukirudi, "hii kitu tunaweza kuifanya hapa kwetu."

"Na bunduki utatoa wapi?"

"Bunduki apana. Wezi ya kwetu wanabeba ngazi na nyundo."

Swedi alikuwa fundi wa umeme wa magari, na mkono wake ulikuwa mwepesi katika kila jambo. Aliazima kamera kwa mpiga picha wa harusi. Mimi nilikuwa mshonaji, kwa hiyo makoti ya wezi yalikuwa kazi yangu. Niliyakata kwenye mapazia ya kale ya mama yetu, mazito, ya rangi ya majani yaliyokauka, na vijana walioyavaa walitiririka jasho kama wako tanurini. Swedi alitaka ukungu, maana London ya kwenye sinema ilikuwa na ukungu. Tulikwenda kwenye depo moja, ghala tupu huko eneo la viwanda, Zone Industrielle, tukachoma majani mabichi. Mlinzi wa jirani akadhani ni moto, akaja mbio na ndoo ya maji, akammwagia mmoja wa wezi wetu kichwani. Swedi hakuzima kamera. Sehemu ile aliibakiza, na kila aliyeiona baadaye aliipenda.

Lakini koti na moshi si kisa, mwanangu. Kisa hatukuwa nacho.

Mlango wa pili kutoka kwetu aliishi Fundi Nasoro, mziba rejeta za magari, mjane mwenye binti mmoja, Aisha. Alikuwa mtu wa sala na wa maneno machache. Kila alipoletewa rejeta alijifuta mikono kwenye kanzu yake ya kazi, akaiinamia, akasema, "Bismillahi, tuone ugonjwa." Buyenzi nzima iliyajua maneno yale, hata watoto waliyaigiza wakicheza udaktari. Alikuwa amekuja kutoka ng'ambo, Uvira, akiwa mtu mzima tayari, na alikokuwa kabla ya hapo hakuna aliyeuliza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Siku moja alimkuta Swedi ameketi kibarazani, kichwa mikononi. Akamuuliza kulikoni. Swedi akamwambia anatafuta mambo ya wezi, lakini wezi wa kuchekesha, na kichwa chake kimekauka. Mzee alitazama huku na huku barabarani. Kisha akavuta kigoda.

"Mi nitakupa," alisema. "Lakini yalikotoka, iwe siri yako na yangu."

Nilikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, nikishona, na nilisikia yote. Ujanani mwake Nasoro alikuwa mwizi. Alisimulia walivyobeba gunia kwa shida wakidhani ni sukari, wakafika nalo nyumbani wakakuta ni chumvi ya ng'ombe. Alisimulia usiku ambao mwenzake alinasa dirishani, nusu ndani nusu nje, na yeye akabaki amemshika miguu akivuta, huku taa za polisi zinakuja. Swedi alicheka mpaka akalala chini. Mzee naye alicheka kidogo. Nafikiri, mwanangu, kwa miaka mingi hakuwa amepata mtu wa kumweleza.

Sinema ilikwisha, na tukaionyesha kwenye ua wa jirani mmoja baada ya sala ya alasiri, mashuka yamefungwa juu ya televisheni ili pawe na kiza. Watu walikaa mpaka juu ya ukuta. Fundi Nasoro alikaa mstari wa mbele. Swedi mwenyewe alimwekea kiti. Aisha alikaa nami, mikono yake bado ina hina, maana alikuwa amechumbiwa na kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Mutanga Nord.

Yule Patron wa sinema yetu, aliyechezwa na Swedi mwenyewe huku kamera akimwachia mwenzake, akaja mbele ya mlango wa depo. Akajifuta mikono kwenye koti. Akauinamia mlango. Akasema, "Bismillahi, tuone ugonjwa."

Ua ulilipuka. Watu walipiga makofi, wakageuka kumtazama mzee, wakamnyooshea vidole kwa furaha. Naye akatabasamu, akainua mkono kidogo. Halafu likaja lile dirisha. Swedi ameishika miguu ya mwenzake, anavuta, kiatu kinamtoka mkononi, anaanguka, anarudi tena, hakimbii, mjinga yule, hakimbii, na polisi wamesimama nyuma yake wanamngoja amalize. Hapo ndipo watu walipocheka kuliko mahali pengine pote. Mama mmoja alilia kwa kucheka. Nilipotazama mbele, kiti cha mzee kilikuwa kitupu.

Bado jambo lingeweza kupita kama utani. Mzaha mzaha, walisema wahenga, hutumbuka usaha. Lakini pengine usingetumbuka, lau Swedi angenyamaza. Watu walimzunguka wakimsifu, mwingine akamuuliza hayo yote kayatoa wapi. Naye, sifa zimempanda kichwani, akajibu, "Ni mambo ya kweli kabisa. Mwenyewe ndiye alinipa." Hakutaja jina. Haikuwa lazima.

Kesho yake vijana walipita kwenye karakana ya mzee wakicheka, "Fundi, ni kweli we ulikuwa mwizi?" Nasoro alikuwa ameapa, siku alipotubu, kwamba hatasema uongo tena. Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea na kazi. Ukimya ule ulikuwa jibu.

Hakuna aliyemtukana, mwanangu. Ni vizuri uelewe hilo. Watu walimpenda bado. Ila mwenye gari ambaye zamani alikuwa akiacha ufunguo akaenda zake, sasa alisimama pale pale mpaka kazi iishe, akiitazama mikono ya mzee. Watoto wakamwita Patron. Kisha akaja mjumbe kutoka Mutanga Nord, mtu mpole mwenye kofia safi, akanywa chai yao, akasema familia imeona heri mambo ya ndoa yangoje. Hayakungoja, yalikufa. Nilikwenda kwa Aisha, nikamkuta anasugua mikono kwa mchanga na sabuni, anaitoa hina.

Baba yetu alikuwa muuza duka, mtu asiyepandisha sauti. Jioni ile alimwita Swedi, nami nikiwepo.

"Mi niliona pia ile sinema ya Wazungu," alisema. "Wale wezi yao hawako kweli. Walibuni batu, wakacheka batu ambao hawana nyumba, hawana mutoto wa kuoza. We umechukua mutu wa mlango wa pili. Alikufungulia kifua, we ukaita mtaa mzima waingie."

"Baba, mi sikutaka ubaya."

"Najua. Na ubaya umefika bila wewe kuutaka."

Swedi alikwenda kwa mzee kuomba radhi, akaniomba nimsindikize. Tulimkuta anafunga vyombo vyake. Alikuwa amepata chumba Gasenyi, kule pembezoni, ambako hakuna aliyemjua. Swedi alipiga magoti. Mzee akamwinua.

"Nimekusamehe, mwanangu. Mungu anisamehe na mimi. Mi nilikupa kicheko tu, we ukabeba na sura yangu." Akaendelea kukunja gunia. Kisha akasema, bila kututazama, "Yule mwenzangu wa dirishani, alikufa gerezani. Mi ningeweza kukimbia. Miguu yangu ilikuwa mizima. Nilibaki kwa sababu alinililia nisimwache. Katika miaka yote ile ya haramu, hiyo ndiyo kitu moja nzuri nilifanya. Na hapo ndipo mulicheka sana."

Swedi aliinama, akamshikia lile gunia.

Alijaribu kuzirudisha kaseti alizokuwa amezigawa kwenye kumbi za vidio. Alizunguka kumbi zote, akaziomba, nyingine akazichana utepe mbele ya wenyewe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nakala zilikuwa zimeshavuka mpaka. Wasafiri walitwambia zinaonyeshwa Uvira kwenyewe, mji ule ule alikotoka mzee, na watu wanacheka. Swedi hakushika kamera tena. Alirudi kwenye nyaya za magari, na mtu akimsifu kwa ile sinema, alikuwa akiondoka.

Nasoro alikaa Gasenyi miaka michache, akafariki kwa homa. Waliomfuata makaburini walikuwa wachache, wengi wao wa mtaa wake wa zamani. Swedi aliingia kaburini kumpokea mzee, akamlaza kwa mikono yake. Aisha aliolewa baadaye, na mtu mwema, lakini mbali, hatukuandikiana. Nikikutana leo na watu wa rika langu, wapo wanaonikumbusha lile dirisha, wakacheka upya. Nawatazama tu.

Mwanangu, leo kamera iko mfukoni mwako, na mtaa wako hauna ukuta. Unachokipiga sasa hivi kitafika Dar na Brussels kabla chai haijapoa. Sikukatazi kuchekesha watu. Mji huu umelia vya kutosha, na anayeuchekesha anapata thawabu. Ninalokuomba ni hili: mtu akikupa habari ya maisha yake, amekupa amana, na amana haigawiwi kwa sababu tu ni tamu. Ukitaka mwizi wa kuchekesha, mbuni. Mpe jina lisilo la mtu, mwendo usio wa mtu, msemo ambao hakuna mtoto atakayeutambua. Na kama ni lazima uchukue kwa jirani, nenda umkalie kwanza, umwonyeshe peke yake, umtazame usoni anapotazama. Akikunja uso, kata. Hata kama ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Na hapo ndipo itakapokuuma, kwa sababu mara nyingi huwa ndiyo.

Mwenyezi Mungu auchangamshe ulimi wako na auwekee lijamu. Akujaalie marafiki wa kukuamini, na kifua cha kuyatunza wanayokuamini nayo. Aibu zako azifunike kwa pazia lake, nawe akufanye pazia kwa wenzako. Amin.