Tulivyojifunza Kutazama

Mwezi uliopita nilienda Kiplombe kwa mkutano wa wazazi, katika shule ile ile niliyosomea, nikakuta ukumbi wetu umejaa magunia ya mahindi. Jukwaa bado lipo, ila mbao zimeliwa na mchwa. Nilisimama mlangoni nikakumbuka mwaka niliokuwa darasa la saba. Nakusimulia wewe kwa sababu nyumbani hatuyazungumzi haya.

Sisi ni wenyeji wa huko. Rafiki yangu alikuwa binti wa mwenye duka, watu waliotoka mkoa wa Kati zamani, kabla mimi na yeye hatujazaliwa. Duka lao lilinuka sabuni ya kipande na mafuta ya taa, na asubuhi mama yake alikaanga mandazi ambayo nilikula bila kuomba. Jioni tulirudisha ng'ombe wetu pamoja, kisha nyanya yangu akampa mursik, maziwa yetu ya mgando yenye mkaa. Alikunja uso kwanza, halafu akaomba kikombe kingine.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda maigizo kupita kiasi. Mwaka huo alitunga mchezo wa majirani wawili wanaogombania mpaka wa shamba, hadi mmoja anachoma nyumba ya mwenzake. Mimi nikawa mchomaji. Rafiki yangu akawa mtoto aliyefungiwa ndani. Moto ulikuwa shuka nyekundu iliyotikiswa na wanafunzi wawili.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Rafiki yangu alipoanza kuita, "Nisaidieni, jameni, nisaidieni," nyanya yangu aliinuka kwenye benchi, akapanda jukwaani polepole na mkongojo wake, akamfunika kwa leso, akamshika mkono na kumtoa nje. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baadaye mwalimu alimfuata nyanya uwanjani.

"Mama, hukujua ni mchezo?"

"Nilijua. Hata hiyo shuka ni yangu, niliwaazima. Lakini mtoto aliita watu, na nyinyi wote mmekaa tu."

Jumatatu mwalimu hakufundisha. Alikaa juu ya dawati akatuambia kwamba miaka yote aliamini mchezo humfanya mtu asikie uchungu wa mwenzake. Sasa hakuwa na hakika.

"Labda tunawafundisha watu kukaa," alisema. "Mtu analia mbele yako, unaguswa, unapiga makofi, unaenda nyumbani ukijiona mwema. Na hukufanya lolote."

Hatukumwelewa. Tulichotaka kujua ni kama tutaenda mashindano.

Nyanya alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata. Kisha kura zikaja, matokeo yakatangazwa, na asubuhi moja tukaona moshi upande wa Kimumu. Kufikia saa nne vijana wa kwetu walikuwa kwa duka, wakiwafukuza watu wa Kati. Wengine niliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa ndugu mkubwa wa mwanafunzi aliyetikisa ile shuka.

Watu walijaa barabarani, mama yangu akiwemo, nami kando yake. Hakuna aliyetuzuia kusema, na hatukusema. Mwenye duka alitoka na mkewe na rafiki yangu, wakaachwa wapite, kisha duka likatiwa moto. Halafu yule baba akakumbuka sanduku la hati ya shamba, akarudi ndani. Mkewe alimwita mara mbili. Paa likaanguka, na yeye hakutoka. Mama alinifunika macho, lakini nilikuwa nimeshaona. Nakumbuka jinsi tulivyokuwa tumetulia, watu wazima na watoto, wengine wamekunja mikono, kama watu waliokata tiketi. Sikulia. Nilingoja tu iishe.

Shule ilipofunguliwa nusu ya madawati yalikuwa matupu. Mwalimu alikaa muhula mmoja, akaomba uhamisho. Hakuna aliyeanzisha mchezo tena, na sijui kama kuna aliyetaka.

Rafiki yangu nilimwona mara moja tu tangu hapo, miaka michache iliyopita, nje ya duka la jumla mjini Eldoret. Yeye ndiye aliyenitambua. Tulisalimiana kwa mkono.

"Siku ile nilikuona," alisema. "Ulikuwa karibu na mama yako."

"Nilikuwa hapo."

"Nilifikiri mtasema kitu."

Hakusema kwa hasira. Aliniuliza mama yuko aje, nikamwambia anaumwa miguu. Nikamuuliza wake, akasema walimzika Nakuru. Kisha akainua mifuko yake.

Zamani ningeingia kwao bila hata kubisha, nikajipakulia chakula. Siku hiyo nilisimama pale nikijiuliza kama nina haki ya kumwomba namba ya simu, na nilipoamua kuomba, alikuwa ameshavuka barabara.